Sira Niliyoisoma Siri

Niliwahi kumsahihisha Mungu kwa peni. Nawaambia mapema, msije mkaambiwa na wengine, maana huku Mtwara habari hiyo inajulikana kuliko jina langu. Ilikuwa peni nyekundu, ile niliyokuwa nasahihishia mitihani ya watoto wa kipaimara, na neno nililolisahihisha halikuwa na kosa lolote.

Ninyi mnaoanza uinjilisti mmeniomba niwaandikie yale niliyojifunza kazini. Mngewaomba waliokuwa wanatembea vijijini kwa furaha mngepata maandishi marefu na mazuri. Mimi nilikuwa natembea huku nikinung'unika. Kukaa nyumbani ndicho kipaji changu, na nyumba yetu hapa Chikongola ina kochi linalojua mgongo wangu. Mume wangu, Baba Tumaini, ndiye aliyetuleta huku kutoka Njombe alipopata kazi bandarini, na husema hajaona chombo kigumu kung'oa nanga kama mke wake. Sasa Mungu akanitazama akaona huyu asiyependa safari apewe kazi ya kuzunguka vijiji. Ana utani wake.

Basi nianze na viatu, kwa kuwa hakuna atakayewafundisha chuoni. Viatu vya kanisani bebeni mfukoni, vaeni ndala mpaka mlangoni. Njia ya Mahurunga wakati wa mvua imekula viatu vyangu vingi. Maji ya kunywa bebeni yenu, lakini mkikaribishwa maji kwa mtu, kunyweni ya mwenyeji na yenu yabaki mfukoni. Mkipewa kiti kibovu, kalieni. Mtu atakueleza shida yake ukiwa umekaa pale alipokuweka, hatakueleza ukiwa umesimama unapangusa vumbi.

Sasa hiyo peni.

Jumapili ile kalenda ya masomo ilinipa nabii Zefania, sura ya kwanza, pale ambapo Mungu anasema ataichunguza Yerusalemu kwa mataa. Anasema atawaadhibu watu "walioganda juu ya sira zao", wale wanaojiambia moyoni kwamba Mungu hatendi jema wala baya. Halafu inafuata hukumu yenyewe: mali yao itatekwa, nyumba zao zitabaki tupu, watajenga wasikae ndani, watapanda mizabibu na divai yake wasiionje.

Nililisoma nyumbani Jumamosi, miguu juu ya stuli. Sikuijua sira. Mtu mwenye busara asipojua neno, hulitafuta. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya Kiswahili, na cheti hicho kimeniponza kuliko ujinga ungeweza kuniponza. Nikajiuliza, mtu anaganda vipi juu ya sira? Juu ya siri, hapo sawa. Watu wanakaa na siri mpaka zinawagandisha. Nikaamua mchapaji amesinzia. Nikaikata ile a ya mwisho, nikaandika i juu yake, nikafunga Biblia nikaenda kula.

Na msidhani nilikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa nimezoea, na hiyo ndiyo hatari. Mwinjilisti mpya anaogopa andiko. Aliyezoea analipigapiga bega.

Nilipofika Mahurunga asubuhi, Mzee Kasto, mzee wa kanisa, alinipokea na habari kwamba shamba la Mzee Hilari limeungua wiki ile. Nikasema pole zake, nikauliza kama kwaya imeshafika. Ndivyo nilivyoipokea habari ya mtu kupoteza kila kitu. Kwa mgeni wa huku niseme tu kwamba mkorosho ndio shule ya watoto, ndio bati la nyumba, ndio matibabu. Mikorosho ya Mzee Hilari ilikuwa imeanza kutoa maua. Ilikuwa maarufu pale kijijini kwa usafi, chini yake unaweza kutandika mkeka, kwa kuwa yeye na mkewe, Mama Esta, walikuwa wanaamka kabla ya kila mtu na kupalilia wakati wengine bado wanatafuta kanga. Moto ulitoka kwenye majani marefu ya pori la jirani, na upepo ukafanya mengine.

Nikapanda mimbarini. Nikawaambia washarika kwamba hapa wachapaji wamekosea, wachapaji nao ni binadamu, tusome siri. Wakasoma siri. Wana heshima sana watu wa Mahurunga. Basi nikashika moto. Nikasema penye siri Mungu anakuja na taa. Nikainua mkono kama aliyebeba kandili, nikasema, "Uliyeficha, Bwana anamulika. Ukishindwa kutoa siri yako, ataitoa yeye, na mali yako itaondoka nayo."

Nikaona vichwa vinageuka. Nilidhani ni Roho anafanya kazi. Havikuwa vinageuka ovyo, vilikuwa vinageukia benchi moja, la tatu kutoka nyuma, alipokaa Mzee Hilari na mkewe. Kwa washarika taa yangu haikuwa mfano. Walikuwa wameuona mwanga wake wiki ile ile, unapanda juu ya mikorosho.

Baada ya ibada dada mmoja wa kwaya alinifuata pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama siri ya mtu mwingine ambayo yeye anaijua nayo inahesabika, au ni siri ya mtu mwenyewe tu. Nilicheka. Nilifikiri ni utani. Nikapanda bodaboda nikarudi kwangu nikiwa nimeridhika kabisa na mahubiri yangu.

Aliyenitoa usingizini ni jirani yangu, Bi Somoe. Tunatenganishwa na ua wa makuti ambao yeye husema ni wangu ukianguka na ni wake ukisimama. Ni Mwislamu, mzaliwa wa huku huku, wifi yake ameolewa Mahurunga, na mimi, mtu wa Njombe, ananiita mla viazi tangu siku niliyohamia. Alikuja uani kwangu na ungo wake wa mchele, akakaa, akachambua kidogo, kisha akatoa simu kwenye pindo la kanga akaibonyeza. Nikasikia sauti ya mwanamke anayepiga kelele kuhusu taa na siri. Nikamuuliza ni nani huyo mwenye ukali hivyo. Akaongeza sauti ya simu.

Mtu wa kwaya alikuwa amenirekodi akanituma kwenye grupu. Kutoka hapo nilisafiri bila nauli. Bi Somoe alinieleza nimefika Msimbati, nimefika hata ng'ambo ya Ruvuma, mimi niliyekuwa nachoka nikifika sokoni. Na kila nilipofika, watu waliunganisha taa ya mwinjilisti na moto wa Mzee Hilari, wakapata jibu la swali ambalo walikuwa nalo muda mrefu: shamba lile lilikuwa safi kwa nini? Jibu likawa kwamba mzee anafuga ndondocha. Ninyi wa mikoa mingine, ndondocha ni mtu ambaye inasemekana kafa na kuzikwa, kumbe kachukuliwa kichawi analimishwa usiku. Kwa hiyo siri ni hiyo, Mungu kaimulika, na mwinjilisti katangaza.

"Mnasema dini yenu ya upendo," Bi Somoe aliniambia huku akitupa chuya. "Kuna mzee huko mmemzika yuko hai."

Vijana, kuna namna mbili za kukosea katika kazi hii. Kuna kukosea ukasahihishwa ibada ijayo, watu wakacheka, ikaisha. Na kuna kukosea ukiwa na andiko la hukumu mkononi, mbele ya mtu aliyepata hasara. Hapo unampa kila mwenye wivu cheti chenye muhuri wa mbinguni.

Nilikwenda kwa Mchungaji Obadia. Alikuwa ameshastaafu wakati huo, amenifundisha kazi tangu nikiwa sijui kushika kikombe cha ushirika. Ni mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye peni nyekundu alikohoa mpaka mkewe akaja kuangalia. Nilichelewa kugundua kuwa alikuwa anacheka.

Mkewe alituletea togwa kwenye jagi, ilikuwa imekaa tangu asubuhi. Mchungaji hakuikoroga. Alijimiminia ile nyepesi ya juu, taratibu, mpaka jagi likabaki na uji mzito uliokaa chini, kisha akanimiminia mimi. Haikumiminika. Aligonga kitako cha jagi, ikadondoka kikombeni kama udongo wa mfinyanzi.

"Hiyo ndiyo sira," alisema. "Mashapo. Kinywaji kikiachwa bila kutikiswa, uzito wake unakaa chini na kuganda. Nabii anawasema watu waliotulia hivyo. Wana raha, hawatikiswi na kitu, na Mungu kwao hana kazi."

Nilikitazama kikombe changu. Kwa hiyo andiko lilikuwa linamsema mtu aliyekaa kitako kwa raha, miguu juu ya stuli. Mtu wa kwanza niliyemfahamu mwenye sifa hizo alikuwa ameshika kikombe hicho.

Aliniambia jambo moja ambalo nataka mlichukue hata mkisahau mengine. Andiko lolote la hukumu, kabla ya kuuliza linasema nini, uliza linamwambia nani. Hasira ya manabii ina anwani. Ukiipeleka nyumba nyingine umekuwa mtu wa kubeba fitina. Halafu soma mistari ya juu na ya chini, na ufungue tafsiri nyingine. Ninyi siku hizi mna wepesi, mnabonyeza neno kwenye simu na tafsiri zinajipanga zenyewe. Mimi nilikuwa nazo mbili kabatini na sikunyanyuka kwenye kochi. Kwa hiyo msiseme tatizo ni vifaa.

Nikamwomba Mchungaji aniombee ruhusa nilisome tena andiko lile lile Mahurunga, nje ya kalenda. Akaniuliza, "Kukosea uliombewa ruhusa na nani?" Kisha akasema nisianze na mimbari. Nianze na mtu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipotaka kuumwa. Nina kiuno ambacho hukubali kuuma kikiombwa, na siku hiyo nilikiomba sana. Baba Tumaini akaniambia nikae, yatapoa, watu wana mambo mengi. Nilipoisikia hiyo yatapoa nikaiona ile sira kikombeni. Nikafunga mkoba nikaondoka.

Mzee Hilari alinipokea vizuri, na hilo lilikuwa gumu kuliko angenifukuza. Alinipa kiti, Mama Esta akaleta maji. Nyuma ya nyumba mikorosho ilikuwa imesimama myeusi. Nilimwambia neno nililolisoma halikuwa siri, nikaeleza sira ni nini, nikasema nimemkosea. Alisikiliza mpaka mwisho. Ana Kiswahili cha Kimakonde, cha kubana meno kidogo, na aliniambia hivi:

"Shamba liliungua nikasema mimi ntu wa kazi, mvua ikija nitapanda. Mwinjilisti, kuchimba mashimo shamba lote siwezi peke yangu, na kuna mzee hata nmoja anayekuja? Mke wangu akienda kisimani wanampisha. Wanampisha mama, kama bibi harusi, lakini ndoo zao wanazifunika. Dada yangu yuko ng'ambo, Msumbiji. Ameniambia tuhamie. Mimi nimezaliwa hapa."

Nilimuuliza ameamua lini. Akasema hajaamua, anangoja mvua. Ikinyesha na hakuna mtu aliyekuja kuchimba, atavuka.

Kwa hiyo nilikuwa na muda mpaka mvua. Mbingu ya kiangazi ilikuwa nyeupe kabisa, na nilifurahi kuiona hivyo kwa mara ya kwanza tangu nihamie kwenye joto hili.

Mzee Kasto hakutaka nilirudie andiko. Alinikalisha chini akasema kwa upole kuwa nikilitaja tena jambo hilo nitalifufua, watu wameanza kusahau. Nilimuuliza nani ameanza kusahau, Mama Esta? Akakwangua udongo kwenye kandambili yake kwa kijiti. Akasema basi niseme kwa ujumla, nisitaje moto. Nikamwambia taa niliitaja mwenyewe kwa sauti ya kufika Msumbiji, sasa nikitaja togwa peke yake watadhani nimekuja kufundisha mapishi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na jagi. Nilikuwa nimeitengeneza togwa mwenyewe na kuibeba kwenye bodaboda toka mjini, dereva akinilalamikia kila shimo. Ilifika imekorogeka kabisa. Ikabidi niiweke chini ya meza ya mbele, niombe kwaya waimbe zaidi ya kawaida ili itulie. Kwaya ilifurahi, haijawahi kuombwa hivyo. Washarika walidhani nimeguswa.

Nikawaambia kwanza habari ya peni. Niliinua Biblia wakaona wino mwekundu. Walicheka, na niliwaacha wacheke mpaka wamalize, kwa sababu mtu aliyekucheka anakusikiliza bila kujikinga. Kisha nikamimina togwa mpaka ikabaki ile nzito, nikalipindua jagi juu chini, na haikudondoka. Nikasema andiko halimsemi aliyeunguliwa. Linamsema aliyekaa hivi. Mwenzake ameungua, yeye ameganda pale pale, anasema Mungu hahusiki na mimi sihusiki. Na kama mnataka mfano, nikasema, mwinjilisti wenu aliambiwa habari ya moto mlangoni akauliza habari ya kwaya.

Mama mmoja wa mstari wa mbele, anayejua kusoma kuliko wengi, aliinua mkono. Kwetu si kawaida kuuliza katikati ya mahubiri, lakini nilikuwa nimeshavunja kawaida kwa jagi. Akauliza kwa adabu: andiko si limesema mali yao itatekwa na nyumba zitabaki tupu? Na hapa mali iliyoondoka ni ya nani?

Hilo ndilo swali lenyewe. Mtaulizwa, kila penye msiba mtaulizwa, na mkilikwepa kazi yenu yote ni bure. Nilikuwa nimelala nalo siku kadhaa. Nikamjibu kwamba nesi akikuambia mwenye malaria atatoka jasho, hajasema kila anayetoka jasho ana malaria. Ingekuwa hivyo, Mtwara hii tungelazwa sote mwaka mzima. Nabii amesema walioganda watapoteza mali. Hajasema popote kwamba kila aliyepoteza mali aliganda. Ayubu mnamsoma wenyewe, alinyang'anywa kila kitu, kisha rafiki zake wakaja kumtafutia siri, na mwisho aliyekemewa si yeye. Nikasema tena, polepole, kwamba mali ikiondoka kwa jirani hatujaambiwa tumchunguze. Mwenye taa ni Bwana, na hakutuazima.

Mama yule akatikisa kichwa kidogo, kama anayepima unga. Hakusema amekubali.

Wala hapakutokea kitu. Mzee Kasto hakusimama, hakuna aliyelia, watu walitoka wakaenda makwao. Na sauti ya siku hiyo, ambayo niliomba mwenyewe irekodiwe na itumwe, haikuvuka hata grupu la kwaya. Niliwauliza kwa nini. Wakaniambia ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Lishikeni hilo, ninyi wa simu: kosa lako litapanda pikipiki, sahihisho lako utalibeba kichwani.

Nikalibeba. Nilihamia Mahurunga kwa muda, nikakaa kwenye chumba cha kanisa chenye popo, nikazunguka nyumba kwa nyumba nikipiga hodi. Za washarika wetu na za Waislamu, maana walio wengi pale ni Waislamu na sauti yangu haikuwa imebagua. Kila mahali nilisema hilo hilo: mimi ndiye wa ile taa, nilisoma neno vibaya, Mzee Hilari hana siri niliyoonyeshwa na Mungu wala na mtu. Nyumba moja bibi mwenye nyumba alinitazama juu hadi chini akasema, "Kumbe ndiwe? Kwenye simu nilidhani mnene." Nyingine walinipa mihogo ya kuchoma wakanisimulia moto mwanzo mpaka mwisho, na katika kusimulia wakajikuta wanasema kuwa siku ile ile kulikuwa na watu wanawinda panya pale porini. Panya wa porini ni kitoweo kinachopendwa huku, na njia ya haraka ya kuwatoa ni kuchoma majani. Waliponyamaza ghafla nilielewa kuwa wanajua ni watu gani. Sikuuliza. Nilikuwa nimeapa kutokuomba siri ya mtu maisha yangu yote.

Mvua ya kwanza ilinyesha nikiwa bado pale. Nilikaa mlangoni naitazama kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Asubuhi yake nilikwenda kwa Mzee Hilari nikiwa na jembe la kuazima, nikiwa nimeshajiandaa kuchimba mashimo na kiuno changu cha kuomba.

Nilimkuta Mzee Kasto yuko shambani na wanawe wawili, watu wazima, majembe mkononi. Mzee Hilari alikuwa anachimba shimo moja na wao wanachimba mengine upande wa pili, mgongo kwa mgongo. Nikajiunga. Baada ya muda mrefu Mzee Kasto alisimama akafuta jasho, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba jembe:

"Hilari, moto waliwasha hawa. Walikuwa na panya wao. Mimi nilijua siku ile ile."

Mzee Hilari aliendelea kuchimba mpaka shimo lake likakamilika. Ndipo akasema, "Nilijua na mimi. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

Basi. Hawakukumbatiana. Walichimba mpaka jua likawa kali, na Mama Esta alipoleta uji, wana wa Kasto walikuwa wa kwanza kupokea bakuli mikononi mwake na kunywa, mbele ya watu waliokuwa wanapita njiani. Alasiri walikuja wengine wawili. Kesho yake nilihesabu nikaacha, maana wengine walikuja na watoto. Bibi wa "nilidhani mnene" alikuja na miche ya mikorosho kwenye viriba, ya kwake mwenyewe, akaitua bila salamu.

Najua mnachotaka kuuliza. Kumbe siri ilikuwepo kweli, je peni yangu haikuwa sahihi? Nimeulizwa hivyo na wachungaji wenye digrii. Jibu langu ni moja: kama ningeachwa na neno langu, siri ingetafutwa kwa Mzee Hilari mpaka leo. Neno lenyewe, lile la mashapo, ndilo lililomnyanyua Mzee Kasto. Sikumtaja, hata sikujua. Lilimkuta lenyewe alipokaa. Andiko likisomwa kwa anwani yake halihitaji msaada wa kidole chenu. Likisomwa vibaya, mtaongeza sauti, mtaongeza mikono, na mwisho mtatafuta mtu wa kulibebesha.

Someni basi, na mkikosea rudini kwa miguu yenu mpaka pale pale mlipokosea, mbele ya watu wale wale. Msitume ujumbe.

Niliporudi Chikongola nilikuwa mweusi kwa jua na mwenye fahari kupita kiasi. Mvua ilikuwa imekata, joto limerudi, nami nilikuwa nimejiahidi kutotoka nje ya ua mpaka Pasaka. Nilimwita Bi Somoe nikamsimulia mambo yote, togwa, popo, Mzee Kasto, miche iliyopandwa mstari kwa mstari, Mzee Hilari anavyosema sasa kuwa havuki kwenda popote, ila tu miche isife kabla mvua haijarudi. Nilisimulia vizuri. Nilifanya hata sauti za watu. Bi Somoe alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata pale nilipotaka acheke, kisha akasema:

"Umeharibu kwa mdomo, umetengeneza kwa mdomo, na mdomo huo huo ndio unanisimulia hapa tangu mchana. Yule mzee ana miche inakauka. Ndoo unayo?"